Roswitha Bantlin, Mkereza Vyuma wa Ebingen Aliyekataa Kutia Sahihi

Roswitha Bantlin, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1938, hapa Ebingen, mtoto wa pili wa Karl na Pauline Maute. Theluji ilikuwa imeziba mlango, hivyo mkunga aliingilia dirishani. Baba hakurudi kutoka vitani. Mama aliwalea watoto wake kwa kushona fulana kiwandani.

Alimaliza shule mwaka 1952, wa kwanza darasani katika hesabu, akaenda kuomba kujifunza kazi ya kukereza vyuma, yaani kuvizungusha kwenye mashine na kuvichonga kwa kisu. Karani wa kiwanda alimpandisha na kumshusha kwa macho. “Binti, hiyo kazi ya wanaume. Nenda kashone.” Akashona miaka tisa. Mwaka 1961 wanaume walipokuwa hawatoshi, kiwanda kile kile kilibandika tangazo, naye alikuwa wa kwanza kufika. “Mmenikumbuka?” alimuuliza karani yule yule.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa na tarishi Gebhard Bantlin katika Kanisa la Mtakatifu Martin. Gebhard alipenda kusimulia kwamba alimposa mara tatu. Mara ya tatu Roswitha akasema, “Nakubali, ila mashine siiachi.” Akamjibu, “Nani kakwambia uiache? Mimi kupika najua.” Na kweli, dengu na tambi za nyumba ile alipika yeye hadi alipofariki mwaka 2011. Walijaliwa watoto wawili, Irmtraud na Volker.

Jambo ambalo mji huu unamkumbukia lilitokea Machi 1974. Alikuwa akikereza mihimili ya pampu, vile vyuma vya mviringo vinavyozunguka ndani yake, na shehena nzima ikarudishwa na mnunuzi: mihimili mingine sawa, mingine myembamba kwa unene wa unywele. Msimamizi wa karakana, fundi Eugen Raible, alimletea karatasi inayosema kosa ni la mfanyakazi.

“Tia sahihi hapa, Roswitha. Mkono wako unatetemeka, basi. Utahamia kwenye kufunga maboksi.”

“Mkono wangu haujambo, fundi. Kinachotembea ni chuma cha mashine yako. Uongo siutii sahihi.”

Aliomba wiki moja. Alipima kila mhimili na kuandika saa ulipotoka mashineni. Asubuhi na mapema yote ilikuwa sawa. Kadiri mashine ilivyopata moto, ndivyo mihimili ilivyozidi kuwa myembamba. Baada ya mapumziko ya mchana, mashine ikiwa imepoa, mihimili ikawa sawa tena. Siku ya tano aliliweka daftari mbele ya Raible.

“Haya niambie, huu mkono wangu unaotetemeka huwa unapona nikila dengu?”

Raible alisoma kurasa zote, hakucheka. Alimwita mhandisi, Daktari Ottmar Seyfang. Roswitha akawaeleza: kishikio, chuma kirefu kinachoshika kisu, kilibanwa kwa nyuma, kwa hiyo kikipata moto kinarefuka kwenda mbele na kukisukuma kisu ndani ya mhimili. “Kibaneni mbele, karibu na kisu,” alisema. “Kikitaka kurefuka kirefuke kwenda nyuma, huko hakimdhuru mtu.”

“Bibi,” alisema Seyfang, “kishikio hiki kimechorwa na watu waliosoma.”

“Basi walikisoma kikiwa cha baridi, dokta.”

Hakungoja ruhusa. Jumatatu iliyofuata, karakana nzima ikimtazama, alifungua kishikio, akatoboa matundu mapya karibu na ncha, akakikaza hapo na kulegeza mkia. Alikereza tangu saa moja asubuhi hadi saa sita bila kuzima. Raible alipima kila mhimili kwa mkono wake. Tofauti haikufika moja ya tano ya ile ya zamani. Raible akaichukua ile karatasi, akaichana vipande vinne, akavua kofia. “Mama, nilikukosea.” Roswitha alimwambia wazi, “Umenikosea. Sasa nisaidie, bado imebaki tofauti kidogo.” Hicho kidogo wakakipunguza wote wawili, kwa kupitisha maji ya kupoza ndani ya kishikio chenyewe.

Mwaka uliofuata kiwanda kilibadilisha vishikio vyote, na katika kitabu cha bidhaa vikaitwa kwa jina la Seyfang. Roswitha hakwenda kulia kwa mtu. Kila kishikio alichotengeneza alikigongea kwa nyundo herufi mbili, R.B. Meneja akamwita ofisini na kumkataza. “Nifukuzeni,” alisema, “halafu mtafute wa kumweleza mnunuzi kwa nini mihimili imekonda.” Hawakumfukuza. Mwaka 1976 alifanya mtihani wa ufundi, mwanamke pekee ukumbini, akafaulu. Alistaafu mwaka 1998, na hadi siku ile aliendelea kuzigonga herufi zake.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2019. Daktari alimkataza kupanda mlima. Akapanda, akakaa kwenye benchi la kwanza, akapumua, akapanda tena. Mchungaji alipomtembelea kupanga ibada hii, Roswitha alimwonya, “Usije ukasema nilikuwa mpole. Watakucheka.” Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 2021, alimtuma Irmtraud afungue dirisha, akalalamika kwamba chai haina sukari, akafumba macho. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Ameacha binti, Irmtraud, anayewasomea haya, mwana, Volker, na mkewe Annerose, wajukuu watano, dada yake, Lieselotte, na mafundi wengi aliowagombeza hadi wakaijua kazi.

Hakuwa mpole, na hatutamsingizia. Mungu ampokee kama alivyo. Alale salama, usingizi huu ameutolea jasho.