Aliyetuita Nyumbani Saa Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia studio mbiombio, chai yangu nimeisahau nje. Nina habari za mtu ambaye sauti yake mnaijua kuliko yangu. Bi Fusae Kurotaki ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na minane. Narudia: Bi Fusae Kurotaki, yule wa vipaza sauti vya manispaa. Yule wa saa kumi na moja jioni!

Kwa miaka ishirini na minne aliketi mbele ya maikrofoni, akasema: "Watoto, saa kumi na moja imefika. Rudini nyumbani." Basi, hayo tu. Mara moja kwa siku, kwenye nguzo kumi na mbili za bonde letu la Kamisawa. Nasi mpira tuliuacha palepale. Siku moja alisahau kuzima mtambo, bonde zima likamsikia akitafuna figili zilizokaushwa kwa moshi, kacha kacha kacha! Mpaka leo ukila figili kwa kelele hapa mjini, utaambiwa, "We, maikrofoni iko wazi."

Lakini yeye alipofika kwake alikuta kimya. Mumewe, Eiji, alifariki miaka miwili tu baada ya harusi, na hawakujaliwa mtoto. Kwetu anayeingia mlangoni husema "tadaima", nimerudi. Aliye ndani humjibu "okaeri", karibu nyumbani. Bi Fusae alisema tadaima kila jioni, na hakuna aliyemjibu. Binti wa kaka yake, Bi Satsuki, ameniambia: "Nilimuuliza, shangazi, unamwambia nani? Akasema, nyamaza wewe, nisiposema nitajuaje kama nimefika?"

Sasa kaeni sawa. Ni Oktoba, mwaka 1988. Nahoko Kumagai, miaka saba, amepanda mlima nyuma ya hekalu, peke yake, kutafuta uyoga. Alitaka kumshangaza bibi yake. Ukungu ukashuka. Saa kumi na moja ikapita, Nahoko hayupo. Bibi akaja ofisi ya manispaa pekupeku, upawa mkononi. "Kikapu hakipo! Mtoto hayupo!"

Bi Fusae akaidaka maikrofoni. Mkuu wake, Bwana Haga, akang'aka. "Fusae! Kanuni inasema mara moja tu!"

"Basi kanuni iende ikamtafute mtoto!"

Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wote waliokuwa wakikimbia na tochi hawakulifikiria. Alijua nguzo kumi na mbili zikisema pamoja, milima hujibizana, na mtoto kwenye ukungu hatajua sauti inatoka wapi. Akazima kumi na moja. Nasema akazima nguzo kumi na moja! Akaacha moja tu, ile ya hekalu, chini ya mlima.

"Nahoko, bibi yako anapika supu ya majimbi. Fuata sauti yangu. Rudi nyumbani."

Akarudia. Nusu saa. Saa nzima. Maneno yalipomwishia akaanza kutaja vitu vya supu. "Majimbi yapo. Nyama ipo. Vitunguu vipo. Uyoga ndio haupo, Nahoko, unao wewe! Ulete!" Saa moja na dakika arobaini, wasikilizaji, bila kunywa hata maji.

Wakamkuta Nahoko amekumbatia nguzo ya hekalu, kikapu begani. Wakambeba mpaka ofisini. Bwana Haga, yuleyule wa kanuni, alikuwa ameshawasha nguzo zote ili watu wapate habari. Mtoto akasimama mlangoni, matope mpaka masikioni, maikrofoni ikiwa wazi, akasema kama alivyofunzwa: "Tadaima."

Bi Fusae akafungua kinywa amjibu. Sauti haikutoka, ilikuwa imekwisha kabisa. Ndipo tukasikia madirisha yakifunguliwa, huku na kule, ng'ambo zote mbili za mto, na bonde zima likajibu: "Okaeri!" Nilikuwa na miaka tisa. Nilipiga kelele mpaka baba akaziba masikio.

Kesho yake Nahoko alitumwa kwa Bi Fusae na bakuli la wali wa uyoga. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, akaingia, akakaa kusubiri. Bi Fusae akafika, akaiambia nyumba tupu, kwa sauti ya chura, "Tadaima."

"Okaeri!"

"Mjinga we! Umenitoa roho!" Vitunguu alivyokuwa amebeba vikamwagika sakafuni. Halafu akaketi palepale mlangoni, akalia. Nahoko anakumbuka: "Mimi nilidhani ni vitunguu."

Tangu siku hiyo, kila jioni, mpaka alipokwenda kusoma Sendai, Nahoko alitangulia kwenye nyumba ile ili Bi Fusae apate wa kumjibu. Miaka kumi na moja, wapendwa. Kila jioni.

Jana tumemsindikiza. Baada ya mwili kuchomwa, tukapanga magari kurudisha majivu nyumbani kwake. Wakamtafuta Nahoko, mama mtu mzima wa miaka arobaini na minne sasa, hawakumwona. Bi Satsuki akanuna. "Siku ya leo, kweli?" Tukafika. Bi Satsuki akausogeza mlango, chombo cha majivu amekikumbatia kifuani, akasema kwa niaba ya shangazi yake, "Tadaima."

Na kutoka ndani, kwa sauti ya juu kabisa: "Okaeri!"

Alikuwa ametangulia.

Familia ya Kurotaki, Bi Satsuki, poleni sana kwa msiba. Nahoko, pole, na ahsante. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni hii kuna mtu atafungua mlango wenu. Amechoka, labda hata amekasirika. Iacheni simu, iacheni sufuria, mumjibu. Na jirani anayeingia kwenye nyumba ya kimya, mpigieni kelele hata kutoka dirishani.

Saa yangu ya studio inasema ni kumi na moja kamili. Watoto, rudini nyumbani.