Mama Breki, Mwalimu wa Wenye Haraka

Mama yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kifungua mimba wa fundi seremala na mkewe muuza mboga. Mwaka 1960 alianza shule, ng'ambo ya barabara kuu. Wadogo zake walipomfuata mmoja baada ya mwingine, yeye ndiye aliyewavusha, tena kwa kuwashika masikio. Alisema mkono huponyoka.

Alipomaliza kidato cha nne alijifunza udereva, na mwaka 1975 akawa mwalimu wa udereva. Somo lake la kwanza halikuwa na gari. Alimpeleka mwanafunzi kwenye barabara pana inayopita kati ya soko na zahanati, akampa ndoo ya maji na kumwambia avuke. Walionung'unika kwamba hawakuja kujifunza kuchota maji, aliwajibu kuwa usukani utawasubiri, kwanza waionje barabara kwa miguu.

Baba, fundi magari, alimpata kwa kosa la barabarani. Alikuja mbio, akafunga breki Mama akiwa tayari kwenye kivuko. Mama akainama dirishani.

"Nani anakungoja huko unakokimbilia?"

"Hakuna."

"Basi ningoje mimi."

Baba husema alingoja miaka miwili. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1999 rafiki yake wa chanda na pete, mshonaji, aligongwa kwenye barabara ile ya sokoni, akavunjika nyonga. Dereva alikuwa mwanafunzi wa Mama, mmoja wa wale aliojivunia. Hakuwa amelewa, alikwenda kasi kama walivyokwenda wote. Alipokuja nyumbani kuomba radhi, alishindwa hata kuketi. Mama alimwambia, "Nilikufundisha, ukajua. Lakini mimi nilikuwa nawe miezi miwili tu. Barabara ile inakufundisha mbio kila siku."

Wiki iliyofuata alikwenda manispaa. Mhandisi alimpokea vizuri. Alikuwa na mchoro wa kuibana barabara na kujenga kisiwa katikati, mvukaji apate pa kusimama, ila wakubwa walihofia foleni. Mama na mhandisi wakaomba pamoja waruhusiwe kujaribu kwanza kwa mapipa ya mchanga. Yule dereva ndiye aliyeyapanga. Mwanzoni madereva walitukana, kisha wakapunguza mwendo wenyewe bila kuambiwa. Foleni iliyohofiwa haikutokea. Kisiwa kikajengwa, na tangu hapo hatujamzika mtu aliyegongwa pale.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia na kuvumilia utani wake. Tunamshukuru pia dereva yule. Aliogopa kugusa usukani kwa miaka mingi, mpaka Mama alipoketi kando yake na kumfundisha upya. Ndiye aliyempeleka kusafishwa damu kila wiki bila kukosa. Mama alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Mei 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wawili, na wanafunzi ambao baadhi yenu mmeegesha magari hapo nje. Gauni alilovaa limeshonwa na rafiki yake mshonaji, ambaye alikataa kusaidiwa hata kutunga uzi.

Asante, Mama. Mungu aliyetujalia wewe akupe pumziko la amani.