Haradali ya Mkamwana

Ndani ya treni, bibi aliyekaa mbele yangu alipakata kopo lenye mmea wa maua ya njano. Mkulima aliyekaa kando yake aliutazama kama anayeona nyoka.

"Mama, hiyo ni haradali mwitu, gugu la kigeni. Ardhi ikishatifuliwa tu, linajaa."

"Ndiyo maana nampelekea mkamwana wangu. Kila ua nililompa limemfia."

"Hili halifi! Nimeling'oa mpaka kiuno kimegoma."

"Mwanangu, kwani napanda kwako?"

Mkulima akapoa. "Haya. Anakaa wapi?"

Treni ilikuwa inasimama. Bibi akaonyesha dirishani. "Pale, penye bati jipya."

"Shamba la ubavuni ni langu," mkulima akasema kwa unyonge.

Bibi akamkabidhi kopo. "Basi nishushie, jirani."