Bi Kitana na Nyumba Iliyokatazwa Kusema

Ndugu, majirani, na ninyi vijana mliojaa hadi kwenye ngazi, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, ingawa mwenyewe angesema muda mfupi ni wa wasio na la kusema.

Marehemu, mliyemjua wengi kwa jina la Bi Kitana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi, akasoma shule ya msingi ya mtaani hadi mwaka 1962, asiendelee, si kwa kukosa akili bali kwa kuwa kaka zake walitangulizwa, na jambo hilo hatulipambi. Ususi aliuanza mwaka 1965 kwenye kibaraza cha mama yake, akafunga ndoa tarehe 3 Juni 1970 na dereva wa lori, mtu mpole aliyezoea kusema kuwa mkewe anaongea zamu mbili, yake na ya mumewe, wakajaliwa wavulana wawili na kitinda mimba wa kike, wote wakasomeshwa kwa vidole vile. Mumewe alifariki mwaka 2009, na mwaka 2013 kitinda mimba, aliyekuwa amehamia ugenini kusafisha maofisi, akamwita amsaidie na binti yake wa miaka kumi na minne.

Alikuta nyumba iliyokatazwa kusema. Mama wa binti alikuwa ameitwa shuleni, akaelezwa kuwa lugha ya nyumbani inamchanganya mtoto, waiache kabisa, naye akakubali kwa kuwa aliyesema alikuwa na cheo na miwani, akarudi na maneno machache ya kigeni aliyoyaokota kazini, kula, lala, funga mlango, na kwa maneno hayo ya kufagilia ofisi akajaribu kumlea binti anayevunjika moyo. Binti akaacha kucheka, akaacha kula mezani, akaacha shule, akawa analala mchana pazia limefungwa, na wakubwa wale wale wa shule wakasema hana ushirikiano, kana kwamba unaweza kumfunga mtu mdomo kisha umlaumu kwa kutoimba.

Bi Kitana hakuitisha kikao. Alivuta kigoda, akambana mjukuu kati ya magoti, akaanza kusuka huku akimwaga umbea wa ukoo mzima kwa Kiswahili kitupu, shangazi yupi alikimbia harusi yake na kiatu kimoja, nani aliiba kuku wa nani, na binti yake aliponong'ona kutoka jikoni, "Mama, shuleni walikataza," akajibu, "Waje wanikataze mimi, nimekaa." Kanuni yake tangu kibarazani ilikuwa kwamba anayesukwa naye hutoa habari, la sivyo mkono wa msusi unachoka, basi alipofika nusu ya kichwa akasimama, akasema, "Upande wa pili utauomba kwa mdomo wako."

Mjukuu akainuka, akajifunga taulo kichwani, akajifungia chumbani, mama yake akalia kwamba sasa wamempoteza kabisa, na bibi mwenyewe akakosa hamu ya kula. Jumamosi mlango ukafunguka, binti akasimama mbele yake, akasema, "Bibi wewe ni mkorofi, unanuka mafuta ya nywele, na nimechoka kufanana na paka aliyetoka vitani. Nimalizie." Bi Kitana akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. "Amenitukana," akamwambia binti yake, "tena amenitukana vizuri. Mtoto yupo."

Tuseme ukweli wote, asije mtu akadai msuko hutibu: kulikuwa na mshauri nasaha mwema wa zahanati, kulikuwa na dawa, na siku mbaya hazikuisha, lakini mshauri huyo mwenyewe alisema kazi yake ilishika pale mtoto alipopata lugha ya kulalamikia, akaanza kutuletea vijana wengine. Sebule ikajaa kila Jumamosi, wavulana wenye vipara wakidai wanawasubiri dada zao, na sharti likawa moja, hasira zitolewe kwa lugha ya mama yako, neno usilolijua uliza. Mwaka 2018 shule ile ile ikamwomba alete kigoda chake kwenye jengo lao, naye akakataa kuingia mpaka agizo la kuacha lugha za nyumbani lifutwe, likafutwa, akaingia.

Tarehe 11 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, lugha ya ugenini ikamtoka yote, ikabaki ya kwao, na vijana wakapeana zamu za ukalimani kando ya kitanda, wakiongozwa na mjukuu yule, ambaye leo ni mwalimu, hivyo madaktari hawakukosa neno, isipokuwa machache yaliyopunguzwa makali. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Machi, akiacha watoto watatu, wajukuu saba, na ninyi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wasusi wenzake, mshauri nasaha, na jirani wa chini kwa masikio yake. Shule tunaishukuru kwa kubadilika, si kwa ilivyoanza, na anayefikiria kurudi nyuma atazame ngazi zile, ahesabu vichwa.

Lala kwa amani, Bi Kitana. Huku hakuna atakayenyamaza.