Kuku Aliyepakatwa

Katika bajaji ya kwenda Naliendele, Erasto alibanwa katikati ya akina mama wawili wasiojuana. Wa kushoto alipakata kuku aliyeviringishwa kanga, shingo imelegea.

“Tangu asubuhi namnywesha maji ya mwarobaini,” alisema. “Sasa nampeleka kwa bwana mifugo.”

“Mchinjishe, mwanangu,” alisema wa kulia, mtu mzima. “Akifa kibudu, hata mchuzi hupati.”

“Watoto wamempa jina, mama.”

“Jina halitibu kideri. Tutafute Mwislamu amchinje.” Akamgeukia Erasto, ambaye alikuwa ameshukuru kutoulizwa kitu. “Baba, unaitwa nani?”

“Erasto.”

Mama akamruka kama dimbwi. “Na wewe, dereva?”

“Hashimu,” akajibu dereva, akisimamisha bajaji kituoni.

Hapo ndipo kuku alipofumbua jicho.