Baba Alirudi na Baiskeli

Wallahi, na kama naongopa hii kahawa inikabe, kila neno ni kweli. Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, sukari imepotea Tabora nzima, jua linapiga mpaka mbwa hawabweki. Tumekaa Gongoni juu ya taruma la reli, kwa Mzee Shaban muuza kahawa. Mimi wananiita Redio. Kuna Pindo, fundi cherehani, na Stesheni, mstaafu wa reli. Tumechoka hata kukaa. Tunamjadili Dokta Bertila, mama wa Chuo Kikuu, mzaliwa wa Bukene. Siku ya pili hiyo kajifungia na mama yangu mzazi, mimi nimetolewa nje ya nyumba niliyojenga kwa mikono hii.

PINDO: Dokta gani? Nimemwonyesha goti, kasema yeye hatibu.

STESHENI: Wa historia huyo. Miaka kumi na mbili anasomea wake za wanaume waliosafiri kutafuta kazi. Walilia vipi, walipenda vipi, watoto kalea nani.

PINDO: Kilio nacho kina shule?

STESHENI: Serikali inataka kujua. Kijiji chenye vilio vingi kinaletewa trekta.

PINDO: Wapi. Wanakusanya machozi wapate chumvi, si imeadimika? Haba na haba hujaza kibaba.

MIMI: Wacheni ushamba. Kaja kwa ajili ya baba yangu, Lugembe. Alikwenda kukata mkonge Tanga, mimi nanyonya. Karudi na baiskeli, cherehani mbili kichwani, hakukanyaga chini mpaka hapa. Mama alilia kwa furaha, kisima cha jirani kikafurika.

PINDO: Juzi cherehani ilikuwa moja.

MIMI: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Miaka thelathini mnanibishia. Nataka kitabu cha Dokta kiseme tu: Lugembe alikwenda, akarudi. Kikishaandikwa, hakuna wa kubisha tena.

Mara Dokta huyo, viatu mkononi, daftari kwapani, vumbi mpaka magotini.

DOKTA: Shikamooni.

MIMI: Marahaba, dada. Kaa.

DOKTA: Kaka, mama anasema kwenu mume akisafiri, mke hasuki nywele mpaka arudi. Ni kweli?

MIMI: Kweli tupu. Bibi yangu alikaa miaka saba, mbuzi wakawa wanalala humo kichwani.

Akaandika. Ya mbuzi aliiruka.

DOKTA: Na baba alirudi.

MIMI: Alirudi. Andika.

Kalamu ikasimama. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba radhi:

DOKTA: Sasa kaka, mbona mama yako hajasuka mpaka leo?

Nikamtazama Pindo. Pindo akatazama goti lake. Stesheni, anayejua saa za treni zote mpaka Kigoma, hakuijua saa ya baba kurudi.

DOKTA: Hapa niache wazi?

MIMI: Acha.

Basi, hili lisivuke hapa kijiweni. Na mkienda kumwamkia mama, akiwauliza nilimjibu Dokta nini, semeni tu nilijibu.