Hapa Hatufuti Mtu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, mdogo wa mume wake, jukumu la kuwasomea historia hii, na naomba mjue tangu mwanzo kwamba tarehe zote zilizomo aliziandika mwenyewe wiki tatu kabla ya kutuaga, akaacha nafasi moja tu ya kujazwa, na pembeni akaandika kwamba shemeji asome taratibu na asiongeze chumvi. Kwenye taratibu nitajitahidi, kwenye chumvi sina uhakika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi saa na mshona nguo, na dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa, anasema alichelewa kutembea kwa sababu muda wote alikuwa chini ya meza ya baba yao, akipanga skrubu kwa ukubwa wake. Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na kituo cha reli kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1983, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, alikohitimu tarehe 30 Novemba 1985, akiwa wa kwanza kwa kasi ya kupiga chapa, na wa mwisho, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuchekea mabosi.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa kama karani mchapaji katika kampuni ya kujenga madaraja na matangi ya maji, kwenye ofisi ya ghorofa ya pili yenye ngazi za chuma, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Miaka ile ratiba za miradi zilibandikwa ukutani, karatasi ndefu zilizofutwa kwa raba mpaka zikatoboka, na yeye ndiye aliyezichapa upya kila Ijumaa, kwa hiyo mwaka 2004, kampuni iliponunua mfumo mkubwa wa kompyuta wa kusimamia miradi, hakukuwa na aliyezijua ratiba kuliko yeye, akapelekwa mafunzo ya miezi mitatu, akarudi akiwa msimamizi wa mfumo, huku baadhi ya wahandisi wakinong'ona kwamba mpiga chapa kakabidhiwa funguo za nyumba. Mimi nilichukua muda kuielewa kazi hiyo, mpaka aliponieleza kwamba katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mabomba kuna mashine, inaitwa seva, na ndani yake mmeandikwa kila kazi ya kampuni, nani anaifanya, inaanza lini, inaisha lini, na ipi inaisubiri ipi, naye kazi yake ni kuhakikisha mashine hiyo haizimiki, haisahau, na haimruhusu mtu kugusa asichopaswa kugusa. Wenzake wakambandika jina la Mama Ratiba, akalikasirikia wiki moja, halafu akalizoea.

Alifunga ndoa na kaka yangu, dereva wa greda, Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza alizaliwa tarehe 2 Mei 1991, wa pili tarehe 19 Septemba 1994, na kitinda mimba tarehe 7 Januari 1998, na ameacha wajukuu wanne. Nyumbani hakubadilika, kaka yangu ameishi miaka thelathini na mitatu na karatasi mlangoni mwa jiko inayomwambia kwamba kazi namba sita, bomba la bafuni, imechelewa siku kumi na nne, na harusi ya kifungua mimba wao aliipangia kazi mia moja na kumi na mbili, zote zikaisha kwa wakati isipokuwa moja iliyochelewa dakika tisa, nayo ilikuwa ya kwangu, na hakuniacha niisahau hadi mwaka huu.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisomwe, ingawa ni kosa lake. Mwezi Novemba 2008 alifariki mchora ramani wa kampuni, mtu aliyekaa naye chumba kimoja zaidi ya miaka ishirini, na Januari iliyofuata wakubwa wakataka orodha ya watumiaji wa mfumo ipunguzwe. Mtu aliyeondoka, mfumo unakupa njia mbili za kumtoa, unaweza kumzima, asiweze kuingia tena lakini jina likabaki kwenye kazi alizofanya, au unaweza kumfuta kabisa, na shemeji yangu, kwa kupenda kwake usafi, alimfuta, akaenda kunywa chai. Tarehe 11 Machi 2009 mjane wa mchora ramani alipanda zile ngazi za chuma kuomba aonyeshwe kazi za mumewe, apate kuwaandikia watoto wao, na marehemu akafungua daraja la kwanza kwa furaha, penye jina pakawa patupu, akafungua la pili patupu, akafungua tangi la maji ambalo yule bwana alilichora likiwa wazo tu, napo patupu. Angeweza kuisingizia mashine na hakuna ambaye angejua, lakini alimgeukia yule mama akamwambia kwamba mashine haina kosa, nimemfuta mimi. Mama huyo yuko hapa nasi, na ameniruhusu nilisome hili.

Nakala za zamani zilikuwepo, alizihifadhi kila wiki bila kukosa, ila kuirudisha nakala nzima kungefuta kazi mpya za watu waliokuwa kazini, na mkurugenzi wa wakati huo alisema wazi kwamba madaraja yamesimama, jina la nini tena. Marehemu alikuwa na kichwa kigumu, nadhani tunakubaliana, akatafuta kompyuta iliyotupwa, akaipakia nakala ya zamani peke yake, akaziweka skrini mbili ubavu kwa ubavu, na kwa wiki saba, kila saa ya chakula cha mchana, akasoma huku na kuandika kule, kazi elfu moja mia tatu na kumi na sita, moja baada ya nyingine, kisha akachapa orodha nzima na kuipeleka kwa mjane kwa mkono wake. Siku iliyofuata alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha seva, imeandikwa kwamba hapa hatufuti mtu, tunazima.

Mwezi Juni 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji mwezi Agosti, akarudi kazini Januari 2022 akiwa amekonda lakini mdomo uleule, na Machi mwaka huu ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Uligongana na jambo jingine, seva ilikuwa imezeeka na mfumo ulitakiwa kuhamia mashine mpya, na mafundi waliokodiwa walishauri wahamishwe wafanyakazi waliopo tu, waliostaafu na waliofariki waachwe kwenye mashine ya zamani, ambayo ingeuzwa chakavu. Hilo lilimkosesha usingizi kuliko maumivu, nasema hivyo kwa sababu nilimuuliza. Akamwita dada wa mapokezi, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye wengi walidhani anajua simu na maua ya mezani tu, akamwambia kwamba yeye mwenyewe alianza kwa kupiga chapa, na kila Jumamosi kwa miezi mitano alimfundisha pale kitandani, kompyuta ikiwa juu ya mto, kuhifadhi, kurudisha, kuhamisha, na kukataa kwa heshima.

Mfumo ulihamishwa Jumamosi tarehe 26 Agosti 2023, marehemu akiwa wodini, simu kifuani, na sisi tumekaa kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Ilipolia alimuuliza dada wa mapokezi maswali mawili, majina mangapi yalitoka na mangapi yaliingia, na mchora ramani yumo au hayumo. Yalitoka elfu mbili mia tatu na kumi na nane, yakaingia yote, na mchora ramani yumo. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini, halafu akaomba uji, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo tulimpata tena Mama Ratiba wetu wa zamani, akimkumbusha kaka yangu juu ya bomba.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mume na watoto wote watatu wakiwa kando yake, na nafasi ile moja aliyoiacha kwenye karatasi, kaka yangu ameijaza kwa mwandiko wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, ambao hawakuchoka kuulizwa dawa inayofuata ni saa ngapi, majirani waliobeba maji, viti na watoto wetu bila kuitwa, na kampuni nzima, mkurugenzi hadi walinzi. Kipekee tunakushukuru wewe, dada wa mapokezi, ambaye sasa ndiye msimamizi wa mfumo. Jana umetuambia kwamba uliingia chumba cha seva, ukafungua jina la mwalimu wako, ukakaa mbele yake muda mrefu, kisha ukafanya kama alivyokufundisha, ukamzima. Hawezi kuingia tena. Lakini tumeomba utuonyeshe, ukatuonyesha, na jina lake lipo kwenye miradi mia nne na kumi na miwili, mahali pake, kila mmoja.

Shemeji, nimesoma taratibu, na chumvi sijaongeza. Pumzika kwa amani, na lile bomba la bafuni kaka amelitengeneza.